Nane ya Nyumba na Nane ya Saa

Aminieli alikuwa na elimu ya darasa la nne na mdomo usiochoka kuwasema wakubwa. Tangu mkewe Yuditha azikwe pale kihambani, shamba la ukoo, Mwika, msikilizaji wake alikuwa redio tu. Sasa binti yake Elisifa alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni na kompyuta ya kuazima, kaiweka juu ya meza ya kulia, na mzee hakuweza kupita bila kuchungulia.

"Unaandika nini humo, mama, siku ya tatu leo?"

"Siandiki, baba, nasafisha. Huu ndio moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta. Watu wa dunia nzima wanautengeneza kwa kujitolea. Sasa kuna mtu aliandika namba tupu: nane, nane, nane. Ukisoma hujui nane ya nini. Mimi naitoa namba, naweka jina: idadi ya milango, yale matundu ya kuchomekea vifaa. Siku wakitaka milango kumi na sita, wanabadilisha mahali pamoja, basi."

Kazi yake ya kwanza ilirudishwa ina makosa. Mkaguzi wa mfumo huo alimwandikia kwamba ataisoma kazi yake mara moja tu tena. Kesho asubuhi angeshuka Moshi mjini kutuma hii ya pili.

Aminieli akavuta kigoda. "Na nane zote umezitoa?"

"Zote kumi na moja. Kwa amri moja tu, paap!"

"Zote ni za milango?"

"Baba, nane si nane?"

"Nani kakwambia?" Mzee akawaka. "Ndivyo walivyosema waheshimiwa wa kamati ya mfereji! Karatasi ya zamu iliandikwa nyumba nane, na sisi tufungulie maji saa nane. Nyumba zikafika kumi. Karani, na shule yake yote, akafuta kila nane akaandika kumi. Zamu yetu ikahamia saa kumi! Giza linaingia, nusu ya maharage ya mama yako hayajapata tone. Nikilalamika, naambiwa mzee, imeandikwa."

Elisifa alianza kucheka, kisha akaacha. Akairudisha kazi kama ilivyokuwa, akazipitia nane moja moja, kidole cha baba yake kikigusa kioo. Hii? Mlango. Na hii? Mlango. Ya saba akaisoma mara mbili.

"Hii si mlango, baba. Ni biti nane zinazofanya baiti moja, kama senti mia zinavyofanya shilingi. Hata milango ifike mia, hii haibadiliki. Ningewavurugia kila kitu."

Akaipa jina lake yenyewe.

"Na hiyo tatu hapo chini?"

"Hiyo sijui ni ya nini."

"Basi usiiguse. Waulize. Wakubwa wameketi pale wafanye nini?"

Elisifa akaiacha tatu, akaandika swali.

Wiki iliyofuata alipanda kutoka mjini na karatasi mkononi. "Shikamoo baba! Wameipokea!"

"Marahaba. Na ile tatu?"

"Wanasema hakuna anayejua. Aliyeiandika aliondoka zamani, na wao wanaogopa kuigusa."

Aminieli akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kumbe hata huko wamo, wale wa 'mzee, imeandikwa'!"