Dirisha la Jikoni kwa Bi Borghild

Kwanza ulisikika mti wa kusukumia unga. Ko, ko, ko, kisha krrr, kama viatu vizito juu ya barafu ya asubuhi. Watu wa Mtaa wa Darajani, katika mji wa Tornvik, waliujua mlio huo hata kabla ya kufungua pazia. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na Oddny alikuwa jikoni kwake akiponda peremende ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo.

Oddny alikuwa mtengeneza madirisha. Kila mwaka watu wa Tornvik waliujenga mji wao kwa biskuti za tangawizi, wakaupanga juu ya meza ndefu ndani ya ghala la zamani la samaki wa chumvi, nyumba kwa nyumba, kama ulivyo nje. Kila kaya ilikata kuta zake yenyewe. Madirisha yaliletwa kwa Oddny, kwa sababu mvua ya pwani ile haikatiki na unyevu wake huilegeza sukari. Madirisha ya wengine yalianza kutoa machozi kabla ya Krismasi. Ya kwake yalikaa makavu hadi siku ya kuuvunja mji huo, mwezi wa Januari. Aliziacha kuta ziive nusu, akajaza matundu kwa peremende zilizopondwa, akazirudisha ovenini dakika tano, kisha hakugusa kitu mpaka zipoe kabisa. Wengi walishindwa hapo kwenye kutogusa.

Mwaka huo nyumba moja haikuletwa. Ilikuwa nyumba ya manjano kando ya daraja, ya Bi Borghild, mwanamke wa miaka themanini na tatu. Halmashauri ilikitaka kiwanja chake kwa ajili ya barabara ya kwenda kwenye handaki jipya, naye alikataa kuuza. Kisha ikaandikwa karatasi kwamba hawezi tena kuishi peke yake kwa kuwa huacha jiko linawaka. Majirani watatu waliitia sahihi, na mwezi wa tisa Bi Borghild akapelekwa nyumba ya wazee. Sahihi ya tatu ilikuwa ya Oddny. Hakuwahi kuliona jiko hilo likiachwa linawaka. Lakini Brynjulf wa ofisi ya ujenzi alikuwa amesimama mlangoni kwake, amelowa chapachapa, wengine walikuwa wamekwisha tia sahihi, na kalamu alikuja nayo mwenyewe.

Kamati ya mji wa biskuti iliamua kwamba pale penye nyumba ya manjano papakwe sukari nyeupe, iwe barabara.

"Tunaujenga mji kama utakavyokuwa," alisema Torleiv, mpeleka barua, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati.

"Tangu lini?" aliuliza Oddny.

"Tangu jana, dada. Usinikodolee macho, mimi nimetumwa tu."

Oddny akarudi kwake akaioka nyumba ya manjano mwenyewe. Aliyakumbuka madirisha yote kumi na moja. Kumi aliyamimina peremende za limau, yakatoka angavu. La kumi na moja, la jikoni, alilijaza peremende nyeusi, zile za chumvi ambazo watu wa huko hunyonya mvua ikinyesha. Lilipopoa lilikuwa jeusi tititi. Alijiambia kwamba za limau zimekwisha. Kopo lilikuwa bado nusu.

Aliiweka nyumba katikati ya barabara ya sukari. Hakuna aliyeiondoa. Kuiondoa nyumba ya mtu mezani ni jambo lisilofanywa Tornvik. Kuiondoa ile ya nje kulikuwa na utaratibu wake.

Siku ya kuwasha taa za mji wa biskuti, saa tisa na nusu alasiri, giza lilipokwisha ingia kama kawaida ya Desemba huko, Bi Borghild alionekana ndani ya nyumba ile ya biskuti. Alikuwa na urefu wa kidole cha shahada. Alitundika koti, akavua viatu vya mvua, akawasha taa ya sebuleni.

"Amerudi kwake," alisema Torleiv, akaendelea kula andazi lake.

Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma, akamwambia si adabu kupumulia dirisha la mtu.

Katika nyumba ya wazee kiti cha Bi Borghild kilikuwa kitupu kila siku kuanzia saa tisa na nusu. Wauguzi waliandika daftarini "yuko kwake" na kupunguza sahani moja ya chakula cha jioni. Asubuhi walimkuta mezani, anakunywa uji, ananukia mdalasini.

Siku ya nne Oddny alipita na kitambaa kikavu kuyafuta madirisha. Mlango wa biskuti ukafunguka.

"We Oddny."

"Naam, Bi Borghild. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimechoka kupapasa. Umenitilia lami jikoni?"

"Za limau ziliisha."

"Ziliisha." Bi Borghild alimtazama kuanzia kidevuni kwenda juu, jambo lililochukua muda. "Tangu ulipokuwa ukiniibia matunda bustanini, ukisema uongo sikio lako la kushoto huiva. Sasa hivi naweza kuota moto hapo. Nenda kalete dirisha. Nataka kuona nje, na walio nje waone ndani. Mimi sina ninachoficha jikoni."

Oddny alikwenda akaponda za limau, akamimina kioo juu ya karatasi ya kuokea, akangoja. Aliling'oa lile jeusi kwa ncha ya kisu na kulibandika jipya kwa sukari iliyounguzwa. Aliungua kidole, akakinyonya, akaendelea.

Kuanzia hapo mji mzima ulimwona Bi Borghild akipika. Alichemsha viazi, akakaanga samaki. Kila alipomaliza alizizima swichi nne za jiko, moja moja, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha alikwenda mlangoni kuangalia mvua, akarudi, akazigusa zote tena. Watu walisimama mbele ya dirisha na vikombe vyao vya kahawa, wakahesabu pamoja naye. Zilipita siku kumi na tisa bila swichi hata moja kusahauliwa. Wale majirani wengine wawili waliacha kupita upande huo wa meza.

Oddny akaandika barua akisema kwamba sahihi yake ilikuwa ya uongo. Aliipeleka kwa Brynjulf, na kesho yake akamwita ghalani aje ajionee. Brynjulf akainama, akavaa miwani.

"Moja, mbili, tatu, nne," ilisikika kutoka ndani.

"Anazima," alisema Brynjulf.

"Anazima."

"Tena vizuri. Mama yangu mwenyewe hazimi hivi." Akanyoosha mgongo. "Lakini dada Oddny, hili silo jiko lililoandikwa kwenye karatasi. Lile limeshakatwa umeme."

"Na barua yangu?"

"Nimeigonga muhuri. Iko kwenye faili."

"Faili gani?"

"Lile lile. Limefungwa."

"Brynjulf!" iliita sauti nyembamba. "Unanizibia mwanga."

"Samahani, bibi," alisema Brynjulf, akasogea.

Kabla hajaondoka aliona kwamba nyumba imekaa katikati ya barabara ya sukari, akamwambia Torleiv haipendezi. Torleiv akachukua kisu, akaikwangua barabara na kuisogeza vidole vitatu, ikapita kwenye maegesho ya magari. Kazi ilimchukua dakika kumi. Hakuna aliyesema haiwezekani. Brynjulf aliisifu, akavaa kofia yake, akarudi ofisini.

Nyumba ya manjano ilibomolewa Alhamisi, tarehe kumi na moja Januari. Mashine ilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Alasiri hiyo vumbi jembamba lilidondoka kutoka dari ya nyumba ya biskuti. Bi Borghild alifuta meza, akaifuta tena, kisha akachemsha viazi.

Tarehe kumi na tatu ndiyo siku ya kuvunja. Sikukuu ya Krismasi huishia hapo, na watoto wote wa Tornvik huja na nyundo za mbao kuubomoa mji wa biskuti na kuutafuna. Oddny alitangulia na sanduku la kadibodi lililotandikwa taulo. Bi Borghild alikuwa ameketi mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini.

"Sanduku la nini hilo?"

"Nikuhamishe, uje kwangu na nyumba yako."

"Kuhamishwa mara moja kunanitosha. Waache wavunje. Ile kubwa imevunjwa na watu wazima, na hawakupata hata cha kutafuna."

"Sasa alasiri utakuwa wapi?"

"Kwenye kile kiti chao. Nitautazama ukuta wao mpaka Desemba. Ni mbali, Oddny. Nina miaka themanini na tatu. Ikifika, usinicheleweshe."

Mlango mkubwa wa ghala ulifunguliwa na watoto wakaanza kuingia, nyundo mabegani. Bi Borghild alirudi jikoni. Moja, mbili, tatu, nne. Akazigusa tena. Kisha akatoka, akafunga mlango, akamkabidhi Oddny ufunguo, mdogo kama chembe ya sukari. Oddny aliukausha unyevu wa kiganja chake kwenye sketi kabla ya kuupokea.

Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na paa, akasema kwa sauti ambayo Torleiv aliisikia, na watoto waliokuwa mbele wakaisikia pia:

"Jumamosi ya kwanza ya Desemba, Bi Borghild, kabla sijaponda peremende ya mtu mwingine yeyote, nitaponda za jikoni kwako. Za limau. Nakuahidi."