Gauni la Binti wa Daktari

Juzi mchana, wenzake wakiwa wanakula, Corinne Halvorsen alilala kwenye kochi la chumba chake cha kuvalia, huko Los Angeles, akaota.

Ana miaka ishirini na minne. Akiwa na tisa alitabasamu katika tangazo la dawa ya meno. Akiwa na kumi na sita akapewa tamthilia ya televisheni, akawa binti wa daktari, na binti wa daktari alibaki mpaka siku hiyo. Filamu kaigiza moja, akafa kabla watazamaji hawajapata viti vyao. Sasa wakala wake, Bwana Prentiss, alikuwa amemwachia mkataba wa miaka saba zaidi ya ubinti ule ule, autie saini akiamka.

Ndotoni anaamriwa avae uhusika. Uhusika umetundikwa ukutani: gauni la kijivu lenye kola nyeupe. Linakohoa.

"Vaa upesi," gauni linasema. "Wamenivaa wanne kabla yako. Wa mwisho alikuwa na kipaji, akanitanua kwapani."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifikisha miaka ishirini na mitano," linajibu, na kuinamisha kola kwa heshima ya marehemu.

Corinne analivaa. Linambana mbavu. Anaingia ukumbini, penye viti vitano vya waongozaji. Hakuna aliyevikalia. Viti vyenyewe ndivyo vinavyoamua, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona tofauti.

"Lia," kinasema kiti cha katikati.

"Kwani nani kafa?"

Viti vinatazamana. Havijawahi kuulizwa swali hilo tangu vinunuliwe.

"Lia kwa jicho la kushoto tu," kinaongeza cha pembeni. "Upande wa kulia tunaweka tangazo."

Analia kwa jicho la kushoto. Viti vinapiga makofi kwa miguu.

"Vizuri. Umekuja kuuza sura, sivyo? Iweke mezani."

Corinne anashika kidevu, anavuta, sura inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Kiti cha katikati kinaigeuzageuza.

"Nzuri," kinasema. "Ila imeanza kufikiri. Ona hapa kwenye paji. Hatuichukui."

Hasira zinampanda. Anainyakua sura yake, anaivaa, anatoka kwa mlango ule ule alioingilia, na kujikuta jikoni kwa mama yake, Duluth, kaskazini kwenye theluji, safari ya siku tatu kwa gari.

Mama anamenya viazi. Anainua macho na kulichangamkia gauni.

"Binti wa daktari! Karibu, mwanangu, keti."

Gauni linajivua mwilini mwa Corinne na kuketi. Yeye anabaki amesimama na shimizi.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Corinne."

"Corinne yuko kazini," mama anasema bila ubaya wowote. "Huku hana nafasi ya kuja."

Hilo linamuuma kuliko viti vyote vitano. Habishi. Anachukua kisu na kumenya kiazi, nusu nzima ikienda na maganda. Mama anakitazama kilichobaki, kidogo kama gololi.

"Ee," anasema taratibu. "Ni wewe kweli. Mpaka leo hujajifunza."

Anavuta kiti kingine, anampakulia samaki na viazi. Corinne ananyanyua uma.

Mlango ukagongwa, akaamka. Bwana Prentiss alikuwa kasimama na kalamu.

"Haya, mpenzi. Saini hapa. Ni miaka saba tu."

Simu ikaita. Alikuwa mama yake. Walikuwa hawajazungumza mwezi mzima.

"Mwanangu, mbona umeondoka hujala?" mama alisema. "Samaki anapoa. Na huyu mwenzako wa kijivu anataka aongezwe. Nimpe?"

Corinne alikaa kitako. Alimtazama Bwana Prentiss, akautazama na mkataba.

"Mpe, mama. Ila kiti changu asikikalie, naja."

Kisha akamrudishia Bwana Prentiss karatasi zake zote.

"Binti wa daktari yuko Duluth, anakula," alimwambia. "Mfuate huko huko akutilie saini."