Sahani ya Mchukuzi

Daktari alipouliza, "Unafanya kazi gani?" Winchi alijibu bila kupepesa macho: "Mchukuzi. Ghala la saruji."

Mkewe, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, alimgeukia kwa mshangao. Mchukuzi! Mtu ambaye tangu apandishwe cheo alikuwa hajanyanyua kitu kizito kuliko kalamu? Zamani, ni kweli, alibeba mifuko miwili miwili ya saruji mgongoni, ndipo wenzake wakambandika jina la Winchi. Sasa kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti langoni mwa ghala na kutazama mifuko ikibebwa na wengine. Jina lilibaki, kitambi kikaja.

"Alikuwa mchukuzi, daktari," mkewe alisema. "Siku hizi anakaa tu."

Winchi alimkata jicho. Daktari alifuta alichoandika, akaanza hesabu upya, kisha akawaeleza taratibu. Chakula kina kalori zake na mwili una matumizi yake. Anayebeba mizigo kutwa huzichoma zote. Anayekaa hubaki nazo, zikageuka mafuta, na uzito wa Winchi ulikwisha kuanza kuuchosha moyo. Apunguze sahani iwe nusu, na kila siku atembee.

"Ukiendelea kula kama mchukuzi ilhali umekaa," daktari alisema, "moyo huu hautakufikisha mbali."

Nje ya zahanati Winchi alimshika mkewe mkono. "Mama asijue. Wala mtu mwingine yeyote. Mama akisikia atakufa kwa presha. Niapie." Mke akaapa. Wanawake huapishwa mambo!

Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Alikuwa akisimama tangu alfajiri, anakanda, anaingiza trei kwenye tanuri, anazitoa zikiwa za moto. Wiki ile ya kwanza ya ndoa, mama mkwe, aliyeishi chumba cha ng'ambo ya ua, ndiye aliyemfundisha kupakua wali wa mumewe mpaka ufanye kichuguu. "Mwili haujengwi kwa matofali, mwanangu," alimwambia. Siku zile ilikuwa sawa kabisa. Lakini mifuko ilipomtoka Winchi mgongoni, hakuna aliyekumbuka kupunguza kichuguu. Nani angethubutu? Katika nyumba ile, kupunguza sahani ya mwanamume ilikuwa kumshusha cheo. Basi wakaendelea kuilisha kazi ambayo haikuwepo tena.

Jioni hiyo Winchi aliitazama sahani yake mpya. "Hii ya nani? Ya paka?"

"Yako, mume wangu. Si ulimsikia daktari?"

"Na yako mbona imejaa? Aha! Mimi nife njaa, wewe unenepe."

Mke akachota wali wake akaurudisha sufuriani, mpaka sahani mbili zikalingana. Tangu siku hiyo wakala sawasawa, yeye anayeshinda amesimama mbele ya tanuri na yule anayeshinda kitini. Hesabu ile ile ya daktari ingemwambia kwamba yeye alikuwa anashinda na njaa, lakini nani aliwahi kumpigia hesabu?

Sketi zikaanza kumvuka, akazibana kwa pini. Wenzake kiwandani wakamtania: "Dada, umepata penzi jipya nini?" Akacheka nao. Siku moja alishikwa na kizunguzungu, trei ya mikate mkononi, ikabidi aegemee ukuta. Mvumilivu hula mbivu, alijiambia, na tumbo likimnguruma.

Winchi naye, ajabu, hakulalamika tena. Alikuwa akila haraka, anafuta mdomo, anasema, "Ngoja nikatembee, daktari kaagiza," huyoo, anatoka. Mkewe alifurahi kwa dhati. Mpaka waliporudi zahanati na mizani ikaonyesha ameongezeka.

"Mama, unampikia nini huyu?" daktari aliuliza. Winchi alikuwa anatazama dirishani.

Jioni ile mke alifuata matembezi ya mumewe. Hayakuwa marefu. Yaliishia ng'ambo ya ua, kwa mama mkwe, na Winchi alikuwa kwenye kigoda, kichuguu cha wali magotini, nyama imelala juu yake ikimeremeta mafuta.

"Karibu," alisema mama mkwe bila kuinuka. "Umekuja kuhesabu matonge?"

"Mama, chakula hicho..."

"Ni changu! Mwanamume mzima analala njaa nyumbani kwake, na mkewe anashinda kwenye mikate! Uchoyo gani huo?"

Mke alimtazama mumewe. "Mwambie mama."

"Nimwambie nini?" Winchi alicheka, akajipiga tumbo. "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Mama mkwe naye akacheka mpaka khanga ikamvuka.

Chumbani mke alimsihi huku analia, nusu kwa hasira, nusu kwa woga wa kubaki mjane. Winchi alimpa mgongo. "Uliapa," alisema.

Haikupita hata wiki, Winchi akaanguka kutoka kwenye kiti chake, pale langoni. Wachukuzi wanne walimbeba, wanahema. Mke alipofika hospitali, unga bado mikononi, alimkuta yu hai, dripu mkononi, moyo umeponea chupuchupu. Mama mkwe alikwisha kutangulia na hotipoti yake.

"Njaa ndiyo iliyomwangusha mwanangu!" alikuwa akipiga kelele, na wodi nzima imegeuka. "Huyo hapo anakuja! Alikuwa akimpimia chakula kama kuku!"

Mficha maradhi, kilio humuumbua, walisema wahenga. Hapa kilimuumbua asiyeugua.

Mke alipita katikati ya macho yote yale mpaka kitandani. Angeweza kusema mwenyewe, lakini nani angemwamini? Alitaka litoke kinywani mwa mumewe. Aliinama. "Mume wangu, mwambie mama. Mwambie nani aliagiza upunguziwe sahani."

Winchi alimtazama. Alijua, na mkewe aliona kwamba anajua. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nina njaa."

"Mmesikia?" mama mkwe alilia, akafungua hotipoti. Mke akaweka mkono juu ya kifuniko. "Mama, tafadhali, asile hicho, kitamuua." Mama mkwe akamsukuma. Hakutumia nguvu nyingi, lakini mke alipepesuka kama mtoto, akajikuta ameketi sakafuni.

"Mtazameni alivyokonda," alisema mwanamke wa kitanda cha pili. "Mchoyo hata nafsi yake huinyima."

Hakuna aliyemwinua. Mama mkwe alichota wali, akaupuliza upoe, na Winchi akafungua kinywa.