Doa Jekundu Kwenye Gia

Binti aliamka na jambo moja tu kichwani: leo injini ya gari la mteja wao, mwalimu, iwake, tena kwa mkono wake. Miaka mitatu yuko gereji, na bado wateja wakiuliza yeye ni nani, baba yake hujibu, "Ah, huyo mwanangu tu, ananishikia tochi." Tochi! Ilimchoma roho.

"Nakupa mpaka saa sita," alisema baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Spana. "Isipowaka, nampigia fundi mwenzangu aje aimalizie."

"Baba, kunywa chai."

Injini hizi za kisasa si zile alizozizoea mzee. Kwenye ncha ya kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, kuna gia yenye pini ndani. Injini ikiunguruma, oili huifungua pini, huisukuma gia, na valvu hufunguka mapema au kwa kuchelewa. Lakini wakati wa kufunga cheni inayoizungusha gia hiyo, pini lazima iwe imejifunga. La sivyo, alama zote za kulinganishia zitakaa sawa, kumbe unajidanganya.

Binti akalinganisha alama. Sawasawa! Akaizungusha injini kwa mkono, polepole, na kabla ya kumaliza mzunguko mmoja ikagoma. Akaacha hapo hapo. Angeiwasha hivyo, valvu zingegonga pistoni, na injini ya watu kwaheri.

Akaishika gia. Ikachezacheza, na jana aliiacha imetulia kabisa. Akainama: pembeni ya tundu la oili palikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha. Hiyo ndiyo alama ya mzee kwa kila kifaa alichokisafisha.

"Baba!"

Mzee akatazama dari. "Niliipuliza upepo asubuhi, nitoe uchafu. Nilitaka kukusaidia."

"Upepo wako umeifungua pini! Na rangi ni ya mama?"

"Usimwambie."

Alitaka kufoka, akajikuta anacheka hadi machozi. Akamkabidhi baba tochi, akatoa cheni, akairudisha gia mpaka pini ikaingia, tk! Akafunga upya, akazungusha mara mbili. Laini. Akarudisha kava na vyote vilivyobaki.

Saa sita kasorobo akawasha. Injini ikanguruma, ikatulia, ikaimba. Binti akajipigia vigelegele mwenyewe.

Simu ya mzee ikaita: fundi mwenzake, yuko njiani. Kumbe alishampigia tangu asubuhi, mzee huyu!

"Geuza tu, ndugu yangu," alisema kwa sauti iliyofika barabarani, tochi bado mkononi. "Fundi yupo. Mimi namshikia tochi."