Nafasi ya Wilbert kwenye Benchi

Elimringi alipofariki siku ya Jumanne, duka lake la masufuria Mtaa wa Sikukuu halikufunguliwa. Alikuwa na homa ya ini, na tumbo lilikuwa limejaa maji. Mdogo wake, Wilbert, alibandika karatasi ya msiba mlangoni, kisha akaingia ndani, akachukua kikombe cha chai cha kaka yake, akakitupa jalalani. Akaona amejikinga. Ijumaa walimzika kwao Rombo.

Jumanne iliyofuata, saa mbili asubuhi, Elimringi alikuwa amekaa wa kwanza kwenye benchi la zahanati, viatu vyake vina udongo wa Rombo. Nesi Nasma alimuuliza kama amekuja kupima ini.

"Mimi nilishakufa. Namshikia nafasi mdogo wangu."

"Asichelewe basi. Saa sita tunafunga maabara."

Mjane wake, Celina, alikuja siku hiyo kuchoma chanjo ya pili, maana yeye alishapimwa akakutwa salama. Alimkuta mumewe pale, akamnunulia maji. Hakuyanywa.

"Mwambie Wilbert mama yetu ni mmoja," Elimringi alisema. "Daktari aliniambia ugonjwa huu niliupata kwake nilipozaliwa. Huenda na yeye anao. Akiwahi, dawa zipo."

Celina alitembea mpaka dukani. Wilbert alikuwa anapanga masufuria.

"Shemeji, mimi hata bia sinywi. Ini litaniuma la nini?"

"Kaka yako naye alikuwa hanywi."

"Ndiyo maana nasema alirogwa. Halafu wateja wakinikuta kwenye benchi lile, nani atanunua sufuria kwangu?"

"Anakusubiri, Wilbert."

"Msalimie. Mwambie leo kuna mzigo unashuka."

Celina alizifikisha salamu. Elimringi aliitikia kwa kichwa. Ilipokaribia saa sita alimwachia nafasi mama mmoja mjamzito, akaondoka.

Hiyo ilikuwa Januari. Masika yamekuja, bonde la Jangwani limejaa maji na kukauka, naye hajakosa Jumanne hata moja. Mfagizi akifika kwake humwambia, "Mzee, miguu," naye huinyanyua. Nasma huanza kwa kuita jina la Wilbert, na Elimringi hujibu, "Yuko njiani."

Macho ya Wilbert yameanza kuwa ya manjano. Siku hizi anauza masufuria akiwa amevaa miwani ya jua, hata umeme ukikatika.