Programu Inayojiwasha

Jumanne moja ya mwezi wa saba, fundi kompyuta aitwaye Suma alifika kwenye ofisi moja ya mbolea ya ruzuku mjini Sumbawanga, akavua glovu na kukalia kiti cha karani Bertilla. Mkuu wa ofisi, Herman, alitaka programu ya kuwaondoa wakulima marehemu kwenye orodha iwe inajiwasha yenyewe kila kompyuta inapowashwa.

"Dada Bertilla anatuchelewesha," alisema. "Kila jina mpaka aulize watu."

Ni kweli aliuliza. Programu ilimhesabu kuwa marehemu yeyote ambaye dole gumba lake halikusomeka, na waliolima matuta ya ntumba tangu utotoni, wakifukia majani kwa mikono, vidole vyao vilikuwa laini kama sabuni. Kabla ya kuiwasha, Bertilla aliwanusuru wasifutwe wale aliowaona kanisani.

Suma alibofya mara nne. "Tayari, dada. Hutaiona kwenye kioo. Mashine ikiwaka nayo imeamka, inapiga kazi chini kwa chini. Majina hamsini kila siku."

Jumatano wakulima tisa wa Milanzi walikuja bila mvuke mdomoni. Kwa baridi ile pumzi za wengine wote zilionekana. Mzee Zenon alipiga hodi na mlango haukutoa sauti, akasubiri mtu atoke.

"Shikamoo, baba," Bertilla alisema.

"Marahaba. Nimefutwa?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Na mbolea?"

"Marehemu hapewi."

Mzee alitikisa kichwa kama aliyeambiwa stoo imefungwa.

Bertilla alimpigia Suma simu. Suma alisema kuitoa kunahitaji ruhusa ya bosi. Herman alisema hajapokea malalamiko yoyote. Fomu ya malalamiko ilitaka alama ya dole gumba.

Alhamisi Bertilla alihesabu orodha. Mama yake, Hellena, angefikiwa kesho yake. Ijumaa hakuiwasha kompyuta. Alikaa mbele yake mikono ikiwa katikati ya magoti, akisikiliza hatua za watu koridoni.

Herman aliingia saa mbili na nusu. "Umeme umekatika?"

"Hapana, bosi."

Akaibonyeza mwenyewe. Feni ya ndani ikaanza kuzunguka.

Bertilla alichukua bodaboda mpaka Milanzi. Mama yake alikuwa uani akipukuchua maharage. Sufuria ilifuka mvuke. Mdomo wake haukufuka.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

"Umesikia chochote, mama?"

"Kama mtu kafunga dirisha. Kaa basi, unisaidie haya."

Walipukuchua mpaka debe likajaa. Mama aliuliza mara moja tu atapanda na nini Novemba, kisha akaongea mambo ya jumuiya.

Jumatatu foleni zilikuwa mbili. Herman alikuwa ameagiza marehemu wawekewe benchi, wasiwachanganye wengine. Hellena alikwenda kwenye benchi bila kuonyeshwa, Zenon akasogea kumpa nafasi. Bertilla alimwamkia mama yake, akaingia ndani, na kwa kuwa ilikuwa saa moja na nusu, saa ya kuanza kazi, akawasha kompyuta.