Mbuzi, Kiti, Jembe

Saa nne na dakika tano asubuhi, Alhamisi, wazee watano waliokwisha kupimwa walikuwa bado kwenye benchi nje ya ukumbi wa kigango, Nyamahanga, na midomo ya wote ilikuwa ikicheza. Adventina, mpimaji wa usikivu kutoka wilayani, alidhani wanasali. Akamwita mtu wa saba.

Huyo alikuwa Ansbert, katekista kwa miaka thelathini na minne. Mwezi uliopita mtoto aliulizwa swali la katekisimu, akajibu, "Sijui." Ansbert akamwambia, "Vizuri sana, kaa." Paroko alikuwapo. Akaamua: Ansbert asiporudia sawasawa maneno kumi na manane kati ya ishirini na matano ya kipimo cha usikivu, darasa la komunyo ya kwanza linakwenda kwa katekista mwingine, Danstan.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alijibu Ansbert, macho yakiwa mdomoni mwa Adventina.

Adventina aliinua faili, akaficha mdomo. Kabla hajatamka lolote, Ansbert alisimama, mikono nyuma, kama mtoto wa kipaimara mbele ya askofu.

"Mbuzi. Kiti. Jembe. Moto. Kuku."

Akashuka hivyo hivyo hadi neno la ishirini na tano, kwa mpangilio ule ule wa orodha, kisha akaketi.

"Mwalimu, sijasema kitu!"

"Nimekosa wapi?"

Adventina alitoka nje. "Nani amempa maneno yangu?"

"Wewe," alisema Rozalia, aliyepimwa wa kwanza na hakuwa ameondoka. "Unayasoma dirisha likiwa wazi. Sisi tumemwimbia sikioni mpaka akashika. Hapa wote katutia katekisimu kichwani huyo, tumwache aanguke?"

"Mama, huu si mtihani."

"Sasa paroko kaweka alama za nini?"

Adventina alirudi ndani. Orodha moja kwa watu sita: kosa lilikuwa lake. Alifuta matokeo ya wote, isipokuwa ya Rozalia, akafunga dirisha, akatoa orodha ya pili.

Ansbert alipata maneno saba.

Adventina alimvalisha kifaa cha kusaidia kusikia katika sikio la kulia, akakirekebisha, akaficha mdomo tena na kusoma orodha ya tatu.

"Kumi na tisa. Umevuka, mwalimu."

"Nimekosa sita?"

"Sita. Lakini paroko anataka kumi na manane tu."

"Paroko ana huruma. Mtoto akikosa sita kwangu, hapokei komunyo." Ansbert akasimama, mikono nyuma. "Lete nyingine."

"Mwalimu, unaweza kukaa."

"Nimekusikia. Lete."

Ilikuwa imebaki moja. Adventina aliisoma polepole wala si kwa sauti kubwa zaidi, maana kipimo ni kipimo. Ansbert alipata ishirini na matatu.

"Hapo afadhali," alisema, akaketi.

Adventina aliandika matokeo yote matatu. Saa sita kamili paroko alitia saini chini yake: darasa libaki kwa Ansbert.